Uongo Nao Una Kwao: Maswali ya Wasomaji kuhusu Chuki dhidi ya Wayahudi

Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, nyingine kwa Wayahudi wenyewe, nyingine kwa majirani zao. Tumezifupisha na kuondoa majina.

Mimi ni Mganda wa Mbale, Myahudi wa jamii ya Abayudaya, nafanya kazi ya kuhesabu mizigo Kigoma. Kijiweni wananiita "Yahudi". Mwanzoni nilicheka nao. Siku hizi chenji ikipungua utasikia, "Mkagueni Yahudi mifuko." Nikinuna naambiwa ni utani tu. Nijibuje bila kugombana na watu ninaokunywa nao kahawa kila jioni? (Mwanga, Kigoma)

Utani una sheria zake, na wazee wa hapo kijiweni wanazijua kuliko sisi. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani: huyu anamtukana yule, yule anarudisha, na siku ya msiba mtani ndiye anayeshika jembe la kaburi. Kwa hiyo pima mambo mawili. Je, maneno yanakwenda na kurudi, au yanakuja upande wako tu? Na likitokea jambo la kweli, mtani anakulinda au anakukamua? Mtu anayekutaja kila hela ikipotea hakutanii. Anakutuhumu wizi mbele ya watu, ila anacheka.

Tuhuma hiyo ina kwao, na kwao si Kigoma. Ulaya ya kale, Kanisa liliwakataza Wakristo kukopeshana kwa riba. Wayahudi nao, sehemu nyingi, walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia vyama vya mafundi, wakabaki na kazi ambazo wengine hawakuzitaka, kukopesha ikiwamo. Mfalme aliwatoza kodi nzito, nao wakawabana wadeni, wadeni wakawachukia. Uingereza iliwafukuza wote mwaka 1290. Picha ya Myahudi na mfuko wa hela ilipikwa huko, ikasafiri hadi kwenye benchi lenu la kahawa bila mtu kuuliza imetoka wapi.

Sasa la kufanya. Neno likitoka tena, usicheke na usinune. Mtazame aliyelisema, uliza taratibu: "Unamaanisha nini?" Kisha nyamaza. Ukimya ndio wenye kazi hapo, maana mzaha ukilazimika kuelezwa huwa unakufa, na mwenyewe ataona aibu mbele ya wenzake bila wewe kumwaibisha. Wengi wanakosea kwa kucheka wiki tatu, kisha wiki ya nne wanalipuka. Hakuna atakayeelewa umekasirikia nini, kwa sababu jana ulicheka.

Baada ya hapo mwone mkubwa wa kijiwe, faragha, kabla kahawa haijamiminwa. Mwambie: "Mzee, kuniita Myahudi ni sawa, ndivyo nilivyo. Kunihusisha na wizi, hapana." Angalia sana mpangilio wa maneno hayo. Ukiomba wasikuite Myahudi kabisa, umekubaliana nao kwamba jina lenyewe ni tusi. Lishike jina lako, kataa tuhuma tu. Kisha wape kitu cha kukutania: wewe ni Mganda, kuna matoke, kuna hicho Kiswahili chako. Wanakijiwe hawawezi kukaa bila mtu wa kumtania, basi wachague lililo halali.

Na una simulizi ya kuwapa ambayo wazee wa huko wataipenda. Babu zenu walimfuata Semei Kakungulu, kiongozi wa huko Uganda, aliyetahiriwa mwaka 1919 na kuanza kuishi kwa Torati. Idi Amin aliipiga marufuku dini yenu, wengi wakaiacha, wachache wakaendelea kusali kwa kujificha. Kampala ilianguka mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania Aprili 11, 1979, na jioni ya siku hiyo ndiyo ilianza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani. Hapo kijiweni huenda kuna mzee aliyepigana vita ile. Muulize alikuwa kikosi gani.

Siku wakikushika mifuko kweli, hayo si maneno tena. Usisukumane nao; ondoka, andika tarehe, saa na waliokuwapo, kisha soma jibu letu kuhusu vitisho hapo chini.

Kwani kuna Myahudi mweusi? Si ni Wazungu wale? (Urambo)

Wapo. Wayahudi wa Ethiopia, Beta Israel, wameishika dini yao karne nyingi, na Mei 24 na 25, 1991 zaidi ya watu 14,000 walisafirishwa kwa ndege kutoka Addis Ababa hadi Israel kwa muda wa saa 36 hivi. Wapo Wayahudi wa Yemen, Morocco, India na Iraki ambao hawajawahi kuwa Wazungu. Kwa sheria ya jadi, Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka mbele ya baraza la watu watatu na kuzamishwa majini. Rangi haimo.

Nafundisha Historia. Kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu mwenzangu ametuma PDF ya "mpango wa siri wa wazee wa Kiyahudi kutawala dunia". Watu wanashangilia, "Ndiyo maana uchumi uko hivi!" Najua ni uongo lakini sina la kushika. (Tabora mjini)

Tunakupa la kushika. Maandishi hayo hujulikana kama Itifaki za Wazee wa Sayuni. Yalichapishwa mara ya kwanza Urusi mwaka 1903, gazetini. Mwaka 1921 Philip Graves, mwandishi wa gazeti la The Times la London aliyekuwa Constantinople, aliletewa kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1864 kilichoandikwa na Maurice Joly. Kilikuwa cha kumkejeli mtawala wa Ufaransa, Napoleon wa Tatu, na hakikuwahusu Wayahudi. Graves akaweka aya za kitabu hicho na aya za Itifaki bega kwa bega, na gazeti likachapa. Aya baada ya aya zilikuwa zimenakiliwa, wamebadilishwa wasemaji tu: maneno ya kumkejeli mtawala yamewekwa midomoni mwa "wazee wa Kiyahudi". Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha mtihani wa wanafunzi wawili waliokaa dawati moja anaijua kazi hiyo. Mwaka 1935 hakimu wa Bern, Uswisi, baada ya kusikiliza mashahidi, alisema maandishi hayo ni ya kughushi. Rufaa ya 1937 iliondoa adhabu kwa sababu ya tafsiri ya sheria iliyotumika; haikusema kwamba maandishi ni ya kweli.

Usiijibu PDF kwa kuibonyeza na kuandika chini yake, maana utakuwa umeipandisha tena juu ya kundi na waliokuwa hawajaiona wataifungua. Andika ujumbe mpya. Uwe wa sentensi tatu, uanze na ukweli, uuguse uongo kidogo, umalizie na ukweli:

"Ndugu walimu, maandishi yale ni ya kughushi. Yalitoka Urusi mwaka 1903, na mwaka 1921 The Times la London lilionyesha kwamba yamenakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha 1864 kisichohusu Wayahudi. Mwenye swali anifuate pembeni nimwonyeshe."

Utume siku ileile, mchana, watu wakiwa macho lakini hawajachoka. Kisha umfuate aliyetuma pembeni, kwa heshima, kabla hajajiona amevuliwa nguo mbele ya mkuu wa shule. Walimu wengi wangefuta PDF wenyewe kama wangepewa mlango wa kutokea.

Yanayoharibu ni haya: kutuma video ya dakika arobaini ambayo hakuna atakayeitazama, na kujibu kwa orodha ya Wayahudi waliopata tuzo ya Nobel. Hiyo orodha sisi hatuipendi kabisa. Inasema kimyakimya kwamba Myahudi anastahili kuachwa kwa amani kwa sababu ana akili au ameileta dunia faida. Na asiye na faida je? Muuza nyanya wa Kiyahudi naye ana haki ya kutozuliwa.

Wakikuambia "lakini kila mtu anajua", uliza vitu vitatu tu: nani hasa, lini, kwa hati gani. Uzushi wa aina hii unaishi kwa kugeuza ukosefu wa ushahidi kuwa ushahidi: "huoni walivyoficha?" Tabora mnaufahamu ushahidi wa namna hiyo. Bibi kizee macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka hamsini ya moshi wa jikoni, mtu akasema ni mchawi, na alipokana wakasema mchawi huwa hakubali.

Na kwa kuwa unafundisha, usiiache mumiani. Enzi za ukoloni Tanganyika nzima ilivuma kwamba watu wa zimamoto wananyonya damu za watu. Waulize wanafunzi: nani alikuwa na hofu, ya nini, na kwa nini ilimwangukia yule mwenye gari jekundu? Wakishalielewa hilo, wapeleke Ulaya. Mwaka 1144 kijana alikutwa amekufa Norwich, Uingereza, na baadaye wakazushiwa Wayahudi kwamba wamemuua kwa ibada. Uzushi ukakua, ukawa kwamba wanatumia damu ya watoto wa Kikristo kwenye mkate wa Pasaka. Papa Innocent wa Nne aliukana kwa barua mwaka 1247, na bado uliendelea kuua watu.

Sasa waonyeshe sheria yenyewe. Mambo ya Walawi 17 inakataza kula damu yoyote. Nyama ya Myahudi anayeshika dini hulowekwa kwenye maji nusu saa, hupakwa chumvi ya chengachenga pande zote, huachwa saa nzima juu ya kitu cha kuchuja ili damu idondoke, kisha husuuzwa mara tatu. Yai likikutwa na tone la damu hutupwa. Hao ndio waliosemwa wanakula damu.

Mwanangu ni bodaboda. Ameandika "HITLER" kwenye mkinga matope wa pikipiki. Anasema Hitler alikuwa mwanaume, na Wajerumani ndio waliotujengea reli. Namwambiaje? (Mama, Kasulu)

Mama, reli kwanza, maana hiyo ni rahisi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, wakati wa Kaisari. Mwaka huo Hitler alikuwa mchoraji asiyejulikana na mtu, anaishi kwenye chumba cha kupanga huko München. Hakuweka hata mtaimbo mmoja hapa.

Halafu mwambie habari za Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake askari wa Wajerumani, naye mwenyewe akiwa bado mtoto alilitumikia jeshi lao katika vita ya kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Ujerumani kudai mishahara ambayo hawakulipwa. Akabaki Berlin, akawa mhudumu wa hoteli, akaigiza filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Kiswahili hiki hiki. Kosa lake likawa uhusiano na mwanamke Mjerumani, jambo ambalo utawala wa Hitler uliliita kuchafua damu. Walimkamata mwaka 1941 bila kumfikisha mahakamani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo Novemba 24, 1944. Mwanao angekuwa Berlin mwaka ule, njia yake ingeweza kuwa hiyo hiyo.

Kisha mwambie kuhusu Wayahudi milioni sita, watoto zaidi ya milioni moja wakiwamo, lakini usianze na milioni. Milioni haishikiki kichwani. Anza na neno. Kasulu mnawajua watu waliovuka mpaka wakikimbia kuuawa, na mnajua kwamba Rwanda, kwenye mauaji ya 1994, redio iliwaita watu mende. Magazeti ya Hitler yaliwaita Wayahudi panya na wadudu miaka kadhaa kabla ya kambi. Mtu akishaitwa mdudu, anayemuua anajiona anafanya usafi.

Usimfutie maandishi usiku. Atayaandika tena makubwa zaidi. Mpe wiki, muulize anataka jina gani la kuandika badala yake, na umpe hela ya rangi.

Mimi ni Mwislamu. Nikiilaani vita ya Gaza jirani ananiambia nawachukia Wayahudi. Mpaka uko wapi? (Ujiji)

Kuilaani serikali ya Israel, jeshi lake au vita yake si chuki dhidi ya Wayahudi. Kuwalilia watoto wa Gaza ni utu. Hata tafsiri ya chuki hii iliyopitishwa mwaka 2016 na IHRA, muungano wa nchi wa kukumbuka maangamizi ya Wayahudi, inasema kwamba kuikosoa Israel kama unavyoikosoa nchi nyingine hakuhesabiki. Mifano iliyoambatanishwa nayo ndiyo iliyozua mabishano, na mwaka 2021 wanazuoni walitoa Tamko la Jerusalem ili kuuweka mpaka huo wazi zaidi.

Kwenye ulimi, mpaka mara nyingi ni neno moja. "Serikali ya Israel imewaua raia" ni siasa, itajibiwa kisiasa. "Wayahudi ndivyo walivyo" ni chuki, kwa sababu umewatia kapu moja waziri wa Tel Aviv, bibi wa Buenos Aires na yule Mganda anayehesabu mizigo. Pima tena: je, unamtaka Myahudi wa hapa Kigoma ailaani Israel ndipo umsalimie? Hilo hulifanyi kwa Mrusi wala Mchina. Na je, umerudisha yale ya zamani, damu, hela, njama ya dunia, ukabadilisha jina tu likawa "Mzayuni"? Nguo mpya, mwili uleule.

Khatibu wako anaweza kukusaidia kuliko sisi. Sura ya Al Imran, aya ya 113, inaanza kwa kusema kwamba watu wa Kitabu si wote sawa.

Kwa jirani yako pia tuna neno. Kila huzuni ya Gaza ikiitwa chuki, neno litachakaa, na siku chuki yenyewe ikibisha hodi hakuna atakayeitika.

Igizo letu la Ijumaa Kuu huwa lina "Wayahudi" waliovaa mashuka meusi wanaopiga kelele "Msulubishe!" Mtoto wangu wa miaka saba aliporudi aliuliza kwa nini tusiwapige. Nifanye nini? (Kibondo)

Mwone katekista mwezi mzima kabla ya Kwaresima kwisha, si wiki ya Ijumaa Kuu wakati mashuka yameshashonwa. Msalaba ulikuwa adhabu ya Warumi, na Kanuni ya Imani mnayoisali, ikifika kwenye mateso, inamtaja Ponsyo Pilato peke yake. Yesu, Mariamu na mitume wote kumi na wawili walikuwa Wayahudi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la Oktoba 28, 1965, ulisema mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Mpelekee katekista namba ya kifungu, ni cha 4.

Marekebisho ya igizo ni madogo: mashuka ya rangi moja kwa wote, Yesu na mitume wakiwamo, umati uitwe "umati", na askari wa Kirumi waonekane ndio wanaopigilia misumari.

Mtu ameweka picha yangu kwenye kundi la WhatsApp, akaandika mimi ni "jasusi wa Kiyahudi" na kwamba "dawa yangu ipo". Polisi watanisikiliza? (Tabora)

Watakusikiliza vizuri zaidi ukienda na vitu mkononi. Usitoke kwenye kundi kwanza, na usimjibu. Ukijibu kwa tusi mtafika kituoni wote wawili mkiwa watuhumiwa.

Piga skrinshoti inayoonyesha jina la kundi juu, ujumbe mzima, saa na tarehe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kama namba ya mtu huyo umeihifadhi kwa jina, tuseme "Fundi Redio", skrinshoti itaonyesha Fundi Redio, na hilo ni jina ulilolitunga wewe. Fungua taarifa zake hadi namba yenyewe ionekane yote, upige skrinshoti nyingine. Usizikate wala kuzichora mishale. Tumia sehemu ya kuhamisha gumzo ili upate mazungumzo yote kama faili, utume nakala kwenye barua pepe yako. Simu huibiwa, tena wakati mbaya. Usiisambaze skrinshoti kwa marafiki. Utakuwa unaeneza kilekile unachokilalamikia.

Chukua daftari: tarehe, saa, maneno yenyewe bila kuyapunguza ukali, na watu wawili waliomo kwenye kundi walio tayari kusimama. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa, halafu nenda kituoni. Maelezo yako yaanze na kitisho. Ukianza na historia ya Wayahudi, kalamu ya askari itasimama. "Dawa yake ipo" ni kitisho. Sema hilo kwanza, dini ifuate. Usiondoke bila namba ya RB na jina la mpelelezi.

Kuhusu sheria, Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi na ya 19 inalinda uhuru wa dini. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inahusu maneno yanayosemwa kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa matusi na machapisho ya kibaguzi. Huna haja ya kuzikariri. Ziandike kwenye karatasi moja, uikunje na RB yako.

Tumehamia Kigoma kutoka Nairobi, mimi na mume wangu, Wayahudi wote. Nairobi kulikuwa na sinagogi. Hapa tuko wawili. Tujifiche, au tuishi wazi? Na tukiishi wazi, tunaanzaje? (Kigoma mjini)

Ishini wazi, ila mjue majirani wataona nini, maana hawataona mnachokiona nyie.

Mezuza, kwa mfano. Nairobi hakuna anayeitazama. Kigoma, kijaluba kilichopigiliwa kwenye mwimo wa mlango, chenye ngozi iliyoandikwa maandishi yasiyosomeka, ni hirizi, hakuna mjadala. Msiifiche. Siku ya kuipigilia mwiteni jirani, mfungulieni Biblia ya Kiswahili Kumbukumbu la Torati 6:4-9 na 11:13-21, mwambieni ndiyo maneno yaliyomo, mistari 22 ya mwandiko wa mkono (si aya 22). Humo humo mnaagizwa kuyaandika kwenye miimo ya nyumba. Iwekeni upande wa kulia mtu akiingia, mwanzo wa theluthi ya juu ya mwimo. Mvua za ziwa zitaiozesha ngozi, kwa hiyo ifungeni kwanza kwa plastiki nyembamba, na muikague maandishi mara mbili ndani ya miaka saba.

Kofia, ile kipa (si wa golini), watu wataichukulia ni ya Kiislamu na mumeo atapewa salamu aleikum njia nzima. Aitikie. Akiulizwa, aseme.

Sabato ndiyo yenye hesabu. Msitumie kalenda ya Nairobi. Kigoma iko magharibi zaidi na jua huzama karibu nusu saa baadaye. Hata Tabora linatangulia kama dakika 12. Mkiwasha mishumaa kwa saa ya Nairobi mmewahi tu, si neno, lakini mkiifunga Sabato kwa saa ya Nairobi mmeivunja. Jua la Kigoma huzama kati ya kama saa 12:50 jioni na saa 1:25 usiku kutegemea mwezi. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla, na Sabato huisha zikionekana nyota tatu. Kazini ombeni ruhusa ya Jumamosi kwa maandishi kabla ya kusaini mkataba, na mjitolee kufidia Jumapili. Waadventista wa Kigoma wameshaizoesha mikoa hii, mwajiri anajua fomu yake. Atawaita Wasabato. Sahihisheni mara moja, msichoke.

Chakula mmebahatika. Samaki halali kwenu ni mwenye mapezi na magamba yanayobanduka bila kuchana ngozi. Mgebuka, kuhe na sangala wanafaa. Dagaa nao wana magamba, ingawa hupukutika wakivuliwa, na hilo haliwaharibu. Wamwageni kwenye ungo mweupe mchambue vijikamba vilivyochanganyika. Kambale na gogogo hapana. Nunueni samaki mwenye ngozi, maana mnofu mtupu haumtambulishi mwenyewe, na kisu cha muuzaji kioshwe kwanza.

Mkialikwa, semeni siku mbili kabla. Mkikaa mezani ndipo mkatae, mwenyeji ataona mnamdharau, na hapo ndipo maneno ya "Wayahudi wanajitenga" hupata pa kuanzia. Ombeni mgebuka mzima aliyefungwa foili mara mbili juu ya mkaa, mayai ya kuchemsha na maganda yake, matunda yasiyokatwa. Mwenyeji wa Ujiji asiyekula nguruwe wala damu atawaelewa kabla hamjamaliza sentensi.

Na Mwaka Mpya wenu ukifika, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, tofaa mtalitafuta sana, lakini asali agizeni Tabora kwa treni, nusu lita inawatosha na majirani. Asali ni halali ingawa nyuki mwenyewe si halali, ila ya kienyeji huja na miguu na mabawa ya nyuki ndani. Ipasheni juu ya maji ya moto, isichemke, muichuje kwa kitambaa safi mara mbili.